Tahajia Moja, Maana Nyingi: Jina la Munyaka, Eldoret

Msomaji wa Kiingereza aonapo neno gift huwaza zawadi. Mjerumani huwaza sumu, na Mswidi au Mdenmaki huwaza ama sumu ama mtu aliyekwisha kuoa au kuolewa. Hata hivyo maana hizo zote zina shina moja, nalo ni kitendo cha kutoa: kutoa zawadi, kutoa kipimo cha dawa, kumtoa binti aolewe. Neno pain, kwa upande wake, ni maumivu kwa Kiingereza na mkate kwa Kifaransa, wala hapana undugu kati yake. La kwanza latokana na neno la Kilatini poena, yaani adhabu, na la pili na panis, yaani mkate. Kufanana kwa herufi, basi, peke yake si ushahidi wa asili.

Kanuni hii ina uzito zaidi katika majina ya mahali. Mathalani, katika mji wa Eldoret, Uasin Gishu, uko mtaa uitwao Munyaka. Kwa Kikuyu, mũnyaka ni bahati. Lakini alama ya juu ya u, itenganishayo irabu mbili za lugha hiyo, haiandikwi katika jina la mtaa. Msemaji wa Kinyarwanda au Kinyankole, aliyezoea Munyarwanda na Munyankole, aweza kulisoma jina hilohilo kama la mtu wa mahali fulani.

Eldoret lenyewe huelezwa kuwa neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, lililoongezwa kiishio cha Kinandi. Wenyeji waliuita mji huo pia Sisibo, kutokana na matamshi ya namba 64 kwa Kiingereza, namba ya shamba la walowezi. Makaburu nao walihamia uwanda huo mwaka 1908.

Katika Uasin Gishu watu walifukuzwa makwao mwaka 1992, na tena mwaka 2007 hadi 2008, huku swali la nani mwenyeji na nani mgeni likitumiwa kama silaha. Yafaa mwanaisimu aseme wazi mpaka wa ushahidi wake. Jina laweza kuonyesha kwamba wasemaji wa lugha fulani waliishi au walipita mahali. Haliwezi kuonyesha ni nani aliyetangulia, wala ni nani anayestahili kubaki.