Safu ya Lugha: Kidogo, Tone na Haba

Mnunuzi wa Kasha, katika komini ya Bagira mjini Bukavu, anayeomba mawese kidogo, chumvi kidogo na mchele kidogo hakosei, lakini neno moja linabebeshwa kazi ya maneno mengi. "Tone", litokanalo na kitenzi "tona", yaani kudondoka, hufaa mawese. "Chembe" hufaa chumvi, na "punje" mchele. Linaloharibiwa zaidi ni "haba", neno lenye asili ya Kiarabu lililomaanisha mbegu, ambalo leo hueleza uchache usiotosheleza, hivi kwamba mgeni anayesema amepewa chakula haba, akidhani anashukuru kwa adabu, kwa hakika anamlalamikia mwenyeji wake. Hapo aseme "kidogo".