Wazazi Wetu Walijenga Shule, Kisha Wakaachwa Langoni

Mwezi jana mama alinituma kwa mkutano wa wazazi. Ilikuwa siku ya soko pale Rongo na yeye huuza nyanya, hangeweza kufunga biashara. Ndugu yangu mdogo yuko gredi ya tano. Kwa hivyo mimi, mtu wa miaka 23 ambaye chuo kilinishinda mwaka wa pili, nikaketi kwenye benchi na akina mama na wazee kama mzazi mwenzao.

Mkutano ulichukua karibu saa tatu. Pesa ya chakula. Pesa ya mlinzi. Pesa ya choo kipya. Pesa ya mitihani. Kando yangu aliketi nyanya mmoja anayelea mjukuu wake. Aliinua mkono mara mbili, hakupewa nafasi. Nilipomuuliza alitaka kusema nini, akaniambia alitaka kujua kwa nini mtoto yuko gredi ya nne na bado hawezi kusoma barua. Mwishowe mwalimu akafunga mkutano akisema shida ya huku kwetu ni moja: wazazi hawajihusishi na masomo ya watoto wao. Watu wakapiga makofi, tukaenda nyumbani.

Hilo neno "hawajihusishi" limekataa kunitoka kichwani. Wanaonifuata wanajua mimi hupenda kuchimba mambo ya zamani ya Migori na Homa Bay. Sasa wacha niseme ukweli kama ninavyouona: ukiangalia historia, hakuna watu waliojihusisha na elimu kama wazazi wa huku. Kilichotokea ni kwamba kazi yao ilipunguzwa pole pole mpaka ikabaki moja tu, kutoa pesa. Halafu leo tunawalaumu kwa kutofanya zile zingine.

Turudi nyuma kidogo.

Nyanya yangu mzaa mama ni wa Kendu Bay. Yeye ndiye alinieleza mara ya kwanza kuhusu siwindhe. Hii ilikuwa nyumba ya mwanamke mzee katika boma la Waluo, ambapo watoto walikusanyika jioni na wasichana wakalala humo. Huyo mwanamke aliitwa pim. Wanahistoria kama David William Cohen na Atieno Odhiambo wameandika juu yake, kwa hivyo si hadithi ya nyanya yangu peke yake. Pim alifundisha ukoo wa mtu, nani ni jamaa na nani si jamaa, hadithi, vitendawili, jinsi ya kuishi na watu. Wavulana nao walisikiliza wazee kwenye duol, kibanda cha mwenye boma karibu na zizi, moto ukiwaka.

Angalia vile ilifanya kazi. Mtoto hakukaa kimya. Ukitegewa kitendawili unajibu, ukikosa unachekwa kisha unaelezwa. Ukisikia hadithi leo, kesho unaulizwa uisimulie wewe. Mzazi au nyanya alijua kabisa mtoto ameelewa nini na hajaelewa nini, kwa sababu alimsikia kwa masikio yake. Hakuhitaji ripoti ya mwisho wa muhula.

Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Mambo mengi pale yalimfunga msichana kwa ndoa ya mapema. Lakini mwenye kumlea mtoto ndiye alikuwa mwalimu, na hakuna aliyemwambia hajui.

Mwishoni mwa 1906 wamisionari Waadventista walifika Kendu Bay: Arthur Carscallen, Abraham Enns, na Mwafrika mmoja kutoka Nyasaland, siku hizi Malawi, anayeitwa Peter Nyambo. Wakajenga kituo kwenye kilima cha Gendia. Carscallen akajifunza Dholuo, akaanza kukiandika, wakaleta na mashine ya kuchapisha. Baadaye kazi hiyo ikafika Kamagambo, hapa kwetu karibu na Rongo. Wakatoliki nao wakaja na shule zao, Asumbi ikiwa moja ya zile kubwa.

Wazee husimulia kwamba mwanzoni watu hawakutaka kutoa watoto wao. Mtoto wa kiume alihitajika malishoni. Chifu akiambiwa alete wavulana, mara nyingi yatima au mtoto wa maskini ndiye alipelekwa kwanza. Waliosoma wakaitwa jonanga, watu wa nguo. Na hapo kitu kipya kikaingia: mtoto anajua kitu ambacho baba yake hajui, tena baba haruhusiwi kukigusa. Mafunzo yakahama kutoka nyumbani hadi kilimani. Mzazi akabaki chini akisubiri.

Lakini usidhani alikaa tu. Katikati ya miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipoanzisha mabaraza ya wenyeji, wazee wa Nyanza walikubali kutozwa kodi ya ziada ili shule ziongezwe. Hebu fikiria. Watu wengi wao hawajui kusoma, tayari wanalipa kodi ya kichwa na ya nyumba, wanaongeza nyingine juu kwa ajili ya madarasa ambayo wao wenyewe hawataketi ndani. Huko ndiko kutojihusisha?

Songa hadi 1959. Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, ambacho sasa kiko kaunti ya Homa Bay, alipanga ndege ya kupeleka vijana kusoma Marekani. Mwezi Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Sisi hukumbuka ndege, na Wamarekani waliochanga. Lakini nyumbani vilevile kulikuwa na michango: karamu za chai, ng'ombe kuuzwa, kijiji kizima kutafuta pesa za mtoto mmoja.

Mwaka wa 1963 Kenyatta akasema "Harambee", na wazazi wakaamini. Serikali haikuwa na shule za sekondari za kutosha, kwa hivyo watu walijenga zao. Akina mama walibeba maji na mawe kwa kichwa, wanaume wakachoma matofali. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, shule za sekondari ambazo hazikutegemea serikali zilikuwa nyingi kuliko zile zake, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za harambee. Pitia barabara ya Rongo hadi Homa Bay leo, au ile ya Awendo hadi mjini Migori, uulize wazee nani alijenga darasa la kwanza la shule iliyo karibu nao. Watakutajia majina, na wengi waliotajwa ni wazazi wa kawaida kabisa.

Kosa, kwa maoni yangu, lilianzia hapo hapo, katikati ya wema. Mtu akishatoa jiwe lake na shilingi zake, mambo ya ndani yalikuwa ya mwalimu mkuu. Hakuna aliyerudi kumuuliza mzazi kitu mpaka jengo lingine lihitajike.

Mwisho wa 1973 Kenyatta aliondoa karo ya darasa la kwanza hadi la nne. Januari 1974 watoto wakamiminika, wa shule za msingi nchini wakapanda kutoka takriban milioni 1.8 hadi zaidi ya milioni 2.7. Madarasa hayakutosha. Shule zikaanza kutoza pesa ya ujenzi, na mahali pengine hiyo pesa ilizidi karo iliyoondolewa. Watoto wengi wakarudi nyumbani. Moi akaja na maziwa ya Nyayo 1979, sawa, lakini 8-4-4 ilipoanza 1985 wazazi waliambiwa tena: jengeni karakana, jengeni chumba cha sayansi kimu. Kila serikali ikibadilisha masomo, mzazi anabadilishiwa bili.

Mwaka wa 2003 serikali ya Kibaki ikafanya shule ya msingi kuwa ya bure. Wanafunzi nchini wakatoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Hili ni jambo kubwa na wengi wetu tulisoma kwa sababu yake. Lakini lilikuja na maneno niliyoyasikia nikiwa mdogo: "Serikali inalipa, sasa mnataka nini shuleni?" Kama kazi yako pekee ilikuwa kulipa, na sasa hulipi, basi hauna sababu ya kuingia kwenye lango.

Na kumbuka huku kwetu 2003 ilitukuta katika hali gani. Ukimwi ulikuwa umetangazwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, na Homa Bay na Migori zilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi nchini. Makaburi yalijaa kando ya nyumba. Watoto wakalelewa na nyanya zao. Ukifikiria, pim alirudi. Yule mwanamke mzee wa siwindhe akajikuta tena na watoto watano, sita, kwa nyumba moja. Tofauti ni kwamba safari hii shule haikumwona kama mwalimu. Ilimwona kama mtu asiyejua kusoma.

Kwa karatasi mambo ni mazuri sasa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi viti sita vya kuchaguliwa kwenye bodi ya shule, na kila shule iwe na chama cha wazazi. Mtaala mpya ulioanza 2017 unasema wazi kwamba mzazi ahusishwe. Lakini uliza mzazi yeyote mtaala huu umemhusisha vipi, atakwambia: nimetumwa manila, nimetumwa gundi, nimeambiwa nichapishe picha kwa saiba. Tena pesa.

Sasa nikwambie kwa nini mimi hili linaniuma.

Nilipoitwa chuo 2021, nyumbani tulifanya harambee. Hema ilikodishwa, viti vikatoka kanisani. Watu walitoa 200, wengine 500, mjomba akaleta mbuzi akauzwa kwa mnada hapo hapo. Baba, ambaye amekata miwa Awendo miaka mingi, aliuza ng'ombe. Nilienda na baraka za kijiji kizima.

Ile kozi sikuielewa. Muhula wa kwanza nikaanguka masomo mawili, wa pili matatu. Kila Jumapili nyumbani wakipiga simu, maswali yalikuwa mawili: umekula? pesa imefika? Nikasema ndiyo, ndiyo. Hakuna aliyeniambia, "Nieleze hicho unachosoma." Kama mtu angeniuliza, angesikia ndani ya dakika moja kwamba nimepotea. Niliacha nikafichwa na rafiki miezi mitano kabla baba ajue, na hata hivyo alijulia kwa jirani.

Nilitarajia anipige au anifukuze. Alikaa kimya sana, kisha akasema, "Ningejuaje cha kuuliza?"

Hilo swali simlaumu nalo. Kosa la kunyamaza lilikuwa langu. Lakini baba ni mjukuu wa watu waliofundisha watoto wao kwa maswali kila jioni. Ilichukua kama miaka mia moja kumshawishi kwamba hana swali la kuuliza.

Kwa hivyo nikisikia mtu anawaandikia wazazi orodha ya vile watajihusisha, naona tuanze na walichokuwa nacho. Mzazi, hauhitaji kujua Kiingereza wala kuwa na simu kubwa. Jioni mwambie mtoto akueleze alichofunzwa, kwa Dholuo, kwa Kikuria, kwa Kiswahili, lugha yoyote ya nyumbani. Akishindwa kukueleza, hajaelewa, na wewe umejua kabla ya ripoti. Nenda shuleni siku ambayo hakuna mkutano, omba kuona daftari. Vile viti sita vya bodi vinapigiwa kura, usiachie wale wanaotafuta tenda ya kujenga choo. Na mtoto akienda sekondari au chuo, usiache kuuliza eti amekuwa mkubwa. Hapo ndipo mimi nilipotelea.

Walimu nao, tafadhali. Najua mna watoto wengi na mishahara inachelewa. Lakini mkutano ukianza na masomo kwa nusu saa kabla ya pesa, hakuna atakayekufa.

Nyumbani tumeanza. Juzi ndugu yangu alikuwa anaeleza sehemu, akasema robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Mama aliachia shule darasa la sita. Hakumrekebisha. Alichukua nyanya kumi na mbili akazipanga kwa meza, akamwambia, "Gawia watu watatu. Sasa gawia watu wanne. Ungependa kuwa wapi?" Kijana akaangalia, akacheka, akajirekebisha mwenyewe.

Mkutano mwingine ni mwezi ujao. Mama amesema atafunga biashara aende. Nimemwomba aketi karibu na yule nyanya, na wakianza na pesa, wainue mikono wote wawili.