Kusoma na Kuhesabu Huanzia Nyumbani: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi wa Musoma, Bunda na Butiama

Mtoto anayeandikishwa darasa la awali katika Mkoa wa Mara hukaa katika darasa hilo mwaka mmoja tu kabla ya kuingia darasa la kwanza. Kabla ya hapo ameishi nyumbani takriban miaka mitano, akisikiliza, akiuliza na kuiga yale yanayofanywa na watu wazima. Miaka hiyo ndiyo inayoandaa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK. Nafasi ya mzazi na mlezi katika maandalizi hayo haihitaji fedha wala vifaa vya dukani.

Umuhimu wa maandalizi hayo umeongezeka kutokana na mageuzi ya elimu yanayoendelea nchini. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, inaelekeza elimu ya lazima ya miaka 10, na elimu ya msingi kutolewa kwa miaka sita badala ya saba. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na wanafunzi walioanza darasa la tatu mwaka huo wanatarajiwa kuhitimu elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Kwa mtoto anayefika shuleni bila kuzoea hadithi, sauti za maneno na hesabu ndogo ndogo, muda wa kuwafikia wenzake umepungua.

Kutoka Azimio la Musoma hadi leo

Mkoa wa Mara una historia ya pekee katika elimu nchini. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alianza shule Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Miaka 40 baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma, lililoagiza kila mtoto wa Tanzania Bara aliyefikia umri wa kwenda shule apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977.

Azimio hilo lilihusu kumfikisha mtoto shuleni. Utoaji wa elimu bila ada ulioanza Januari 2016 ulipunguza tena kikwazo hicho. Jambo linalohitaji nguvu zaidi sasa ni mtoto aliyeandikishwa kujifunza kwa kiwango kinachotarajiwa, na hapo familia ina sehemu ambayo mwalimu peke yake hawezi kuibeba.

Wajibu huo umo katika sheria. Sheria ya Mtoto ya Mwaka 2009 inamtaka mzazi kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na malezi, na inatambua haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Aidha, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wenye umri wa miaka 0 hadi 8, inaitaja fursa ya ujifunzaji wa awali kuwa mojawapo ya mahitaji matano ya msingi ya mtoto. Mengine ni afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, pamoja na ulinzi na usalama.

Mazungumzo ni hatua ya kwanza ya kusoma

Mtoto husoma kwa kuoanisha maandishi na maneno anayoyafahamu. Asipolifahamu neno, anaweza kulitamka kwa usahihi bila kuelewa maana yake. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya kusoma huanza kwa mazungumzo.

Katika kaya nyingi za wilaya hizi tatu, mtoto hukua akisikia Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu au lugha nyingine ya wazazi wake, na hukutana na Kiswahili kama lugha ya darasani. Hali hiyo isimtie mzazi wasiwasi. Mtoto aliyezoezwa kusimulia, kuuliza na kueleza sababu kwa lugha ya nyumbani huwa tayari na fikra za kuhamishia katika Kiswahili. Inashauriwa azungumziwe kwa wingi katika lugha ambayo mzazi anaimudu vizuri, na maneno ya Kiswahili yaongezwe taratibu kupitia vitu anavyoviona: jembe, kisima, mtumbwi, nyavu, ndama.

Hadithi ya jioni ni darasa kamili. Msimuliaji anaweza kusimama katikati na kuuliza, "Unadhani sungura atafanya nini sasa?" Siku inayofuata mtoto apewe nafasi ya kuisimulia mwenyewe: nini kilianza, nini kikafuata, na mwisho ulikuwaje. Kupanga matukio kwa mfuatano ndiko kunakomwezesha baadaye kuelewa habari anayoisoma. Vitendawili navyo humzoeza kusikiliza maelezo na kuyaunganisha na kitu asichokiona.

Sauti kabla ya herufi

Kiswahili kina irabu tano tu, yaani a, e, i, o na u, na kwa sehemu kubwa huandikwa kama kinavyotamkwa. Silabi zake nyingi huishia na irabu. Kutokana na muundo huo, mtoto anayeweza kuligawa neno katika silabi kwa kusikia tu amepiga hatua kubwa kabla ya kushika kitabu.

Mchezo wa makofi unatosha kwa zoezi hilo. Mzazi hutamka neno, na mtoto hupiga kofi moja kwa kila silabi: ma-ji makofi mawili, mi-ho-go makofi matatu, Mu-so-ma makofi matatu, Bu-ti-a-ma makofi manne. Akishazoea, aulizwe ni neno gani lenye makofi mengi zaidi. Mchezo mwingine ni wa sauti ya mwanzo: dada, dagaa na debe yanaanza kwa sauti gani, na ni kitu gani kingine hapa nyumbani kinachoanza kwa sauti hiyo?

Eneo moja linahitaji uangalifu wa pekee. Katika lugha kadhaa za Kanda ya Ziwa, sauti l na r hazitofautishwi kama katika Kiswahili, hivyo mtoto huweza kuzichanganya katika matamshi na, baadaye, katika maandishi. Mzazi anaweza kutumia jozi za maneno kama kalamu na karamu, kula na kura, au mahali na mahari. Mtoto asikilize na aseme ni lipi limetamkwa. Zoezi hilo lifanywe kwa mzaha na furaha. Mtoto akichekwa au kuchapwa kwa sababu ya matamshi, ataacha kuzungumza.

Anapoanza kutambua herufi, ni vyema aifahamu kwanza sauti yake kabla ya jina lake. Akifundishwa kwamba herufi m hutamkwa "mmm", ataiunganisha na a na kupata "ma" kwa urahisi zaidi kuliko akianza na jina "em". Maandishi ya kufanyia mazoezi yapo kila mahali: kwenye mfuko wa unga, kipande cha sabuni, ubavu wa daladala na kibao cha shule.

Kuandika huanza na nguvu ya vidole

Mkono wa mtoto wa miaka mitatu au minne bado haujakomaa kwa kalamu. Kazi ndogo ndogo huukomaza: kuchambua maharage au choroko, kufinyanga udongo, kusuka majani na kukunjua nguo. Baada ya hapo, ardhi iliyolainishwa na kijiti hutosha kuwa daftari. Mtoto aanze na mistari ya kusimama, ya kulala na duara, kisha aendelee na herufi za jina lake. Jina ndilo neno ambalo watoto wengi hupenda kuliandika kwanza, na kwalo hugundua kuwa alama zilizochorwa hubeba maana.

Kuhesabu katika shughuli za kila siku

Kutaja namba kutoka moja hadi 20 kwa kukariri si sawa na kujua kuhesabu. Mtoto anajua kuhesabu anapogusa kitu kimoja kwa kila namba, bila kuruka wala kurudia, na kutambua kuwa namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote. Shughuli za Mara zimejaa nafasi za kujenga uelewa huo.

Katika mialo ya Musoma na vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, dagaa huuzwa kwa mafungu na kwa vipimo. Mtoto anaweza kuulizwa lipi ni fungu kubwa, mafungu mangapi yamebaki, na yatakuwa mangapi yakiongezwa mawili. Bunda na Butiama, ambako kaya nyingi hulima na kufuga, mbuzi wanaporudi jioni wanaweza kuhesabiwa pamoja na mtoto: waliondoka wanane, wamerudi saba, wangapi hawajarudi? Hapo kutoa kunakuwa jambo la kweli, kwa sababu mbuzi asiyeonekana lazima atafutwe.

Maji hufundisha vipimo. Ndoo ya lita 20 hujazwa na vidumu vinne vya lita tano. Mtoto akadirie kwanza, kisha ahakiki kwa kumimina. Kupanga sahani kwa idadi ya watu, kutenganisha viazi vikubwa na vidogo na kutafuta jozi za viatu ni hesabu pia. Sarafu za shilingi 50, 100 na 200 humsaidia kuona kuwa vitu viwili vidogo vinaweza kuwa na thamani sawa na kimoja kikubwa. Hata saa ina somo lake: Musoma iko karibu na Ikweta, jua huchomoza na kutua kwa nyakati zisizobadilika sana mwaka mzima, hivyo saa moja asubuhi na saa 12 jioni humpa mtoto alama mbili thabiti za kuhesabia siku.

Michezo ya kete nayo ina thamani kubwa. Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64, na linaweza kumlemea mtoto mdogo. Mashimo machache yaliyochimbwa ardhini kwa safu mbili yanatosha kumfundisha kugawa kete moja moja na kukadiria zitaishia wapi.

Hatua inayowatatiza watoto wengi ni makumi. Majina kama kumi na moja au kumi na tatu hujieleza yenyewe: kumi, na nyingine tatu. Ishirini, thelathini na arobaini hayaonyeshi kuwa ni makumi mawili, matatu na manne. Suluhisho ni vijiti. Mtoto afunge vijiti kumi kumi kwa kamba, aweke pembeni vile visivyofikia kumi, kisha asome: mafungu mawili na vijiti vitatu ni ishirini na tatu. Akiuelewa mfumo huo kwa mikono, kuandika 23 ubaoni hakutakuwa fumbo.

Mzazi asiyejua kusoma

Shughuli zote zilizotajwa zinaweza kufanywa na mzazi au bibi ambaye hakupata nafasi ya kusoma. Anayesimulia, anayetega kitendawili na anayehesabu mifugo anafundisha. Mtoto anapoleta daftari, mzazi huyo anaweza kumwambia, "Nisomee," kisha amuulize alichosoma kina maana gani. Kaka na dada walio madarasa ya juu washirikishwe pia. Baba naye asiliache jukumu hili kwa mama. Dakika 15 hadi 20 kila siku, zikifuatwa bila kukosa, zina faida kuliko saa nyingi za siku moja kwa mwezi.

Tahadhari

Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe kete, maharage, sarafu wala vitu vingine vidogo bila uangalizi, kwa kuwa anaweza kuvimeza au kuvisukuma puani. Michezo ya maji isifanyike ziwani, mtoni wala kando ya kisima bila mtu mzima. Kuhesabu sokoni ni kwa mtoto aliyefuatana na mzazi; si sababu ya kumtuma kufanya biashara. Mtoto akichoka, aachwe apumzike. Anayeonekana kutosikia, kutoona vizuri au kuchelewa sana kuzungumza apelekwe mapema katika kituo cha afya, kwa kuwa tatizo hilo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni uzembe.

Mahali pa kupata ushauri

Mzazi au mlezi anayehitaji maelekezo zaidi anaweza kumwona mwalimu wa darasa la awali wa shule iliyo karibu, Afisa Elimu Kata, au Afisa Maendeleo ya Jamii. Mikutano ya Umoja wa Walimu na Wazazi (UWAWA) ni fursa ya kuuliza mtoto anajifunza nini wiki hii na nyumbani isaidie wapi. Taarifa za ukatili au utelekezwaji wa mtoto zinaweza kutolewa bila malipo kupitia namba 116.

Kila mtoto anayefikisha umri wa miaka mitano anapaswa kuandikishwa darasa la awali. Maandalizi yake, hata hivyo, yasisubiri siku ya kuandikishwa. Yanaweza kuanza leo jioni, kwa hadithi moja na hesabu ya sahani za chakula.