Mionzi ya anga za juu: Hatari inayowakabili wanaanga hupimwaje?

Binadamu aliyeko duniani huishi chini ya ngao mbili asizoziona: angahewa na uga wa sumaku wa dunia. Anayesafiri kwenda Mwezini au Mars huziacha ngao hizo nyuma. Kabla ya kumtuma mtu huko, mashirika ya anga hulazimika kujibu swali moja: mwili wake utapokea mionzi kiasi gani?

Mionzi hiyo hutoka wapi?

Vyanzo vyake ni vitatu. Cha kwanza ni miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zitokazo nje ya mfumo wa jua. Cha pili ni dhoruba za jua, ambazo huweza kurusha protoni kwa wingi mno katika muda wa saa chache. Cha tatu ni mikanda ya Van Allen, iliyogunduliwa mwaka 1958, ambamo chembe zimenaswa na uga wa sumaku wa dunia.

Agosti 1972 dhoruba kubwa ya jua ilitokea baina ya safari ya Apollo 16, ya mwezi Aprili, na Apollo 17, ya Desemba. Hakukuwa na mwanaanga njiani. Ilikuwa bahati, wala si mpango.

Vipimo vinasema nini?

Athari ya mionzi mwilini hupimwa kwa milisiverti. Duniani, mtu hupokea wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka kutokana na vyanzo vya asili. Kifaa kiitwacho RAD, kilichobebwa na gari la Curiosity lililorushwa Novemba 2011, kilipima takribani milisiverti 1.8 kila siku safarini kuelekea Mars.

Mwaka 2022, chombo cha Orion katika safari ya Artemis I kilibeba sanamu mbili zenye umbo la kiwiliwili cha mwanamke, Helga na Zohar, zilizojazwa maelfu ya vihisio. Zohar alivalishwa fulana ya kinga, Helga hakuvalishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionesha kuwa kukigeuza chombo kilipokuwa kikipita katika mkanda wa mionzi kulipunguza kiwango cha mionzi kwa nusu.

Kwa nini modeli zinahitajika?

Kihisio hueleza yaliyotokea mahali kilipo. Hakiwezi kutabiri safari ijayo. Kwa hiyo wataalamu hutumia modeli za kompyuta kukokotoa jinsi chembe zinavyopenya ukuta wa chombo hadi kufikia viungo vya ndani ya mwili, kisha hulinganisha hesabu hizo na vipimo halisi.

Hesabu hizo zimebainisha kuwa kuongeza unene wa chuma pekee si dawa, kwani miale ya kosmiki ikigonga chuma huzalisha chembe nyingine, zikiwemo nyutroni. Vitu vyenye hidrojeni nyingi, kama maji na baadhi ya plastiki, hukinga vizuri zaidi kwa uzito uleule.

Kikomo ni kipi?

Shirika la anga la Marekani, NASA, limeweka kikomo cha milisiverti 600 kwa mwanaanga katika maisha yake yote ya kazi, awe mwanamke au mwanamume. Kwa vipimo vya RAD, kwenda Mars na kurudi, miezi sita kila upande, kungemfikisha kwenye takribani milisiverti 660, kabla hata ya kuhesabu siku atakazokaa huko.