Tai wa Mtito Andei

Ukipanda basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Mtito Andei ndipo mnaposhuka kunyoosha miguu, kunywa chai na kutafuta choo. Kwa Kikamba jina hilo ni msitu wa tai. Ukirudi kitini, viatu vimeshika vumbi jekundu. Unalipangusa tu, safari inaendelea.

Mwezi wa Agosti, mwendo wa saa tatu usiku, sogea mbali kidogo na taa za vibanda utazame kaskazini. Ile nyota nyeupe kali ni Vega. Jina lake lilitoka kwa Waarabu waliomwita tai anayetua. Iko umbali wa miaka 25 ya mwanga, jirani kabisa kwa hesabu za nyota.

Mwaka 1983, setilaiti ya IRAS, iliyorushwa na Marekani, Uholanzi na Uingereza, ilikuwa ikipima joto la anga. Vega ilitumiwa kama jiwe la mizani dukani: nyota inayojulikana vizuri, ya kusahihishia vifaa. Lakini hesabu zikagoma. Joto lilizidi. Ingekuwa rahisi kusema eti mashine imeharibika, wafute namba na kuendelea. Hartmut Aumann na Fred Gillett hawakufanya hivyo. Walihakiki, wakakuta mashine ni nzima: Vega imezungukwa na vumbi lenye baridi ya karibu nyuzi 190 chini ya sifuri.

Vumbi la baridi hivyo hutoa pia mawimbi mafupi kidogo kuliko milimita moja. Shida ni kwamba mvuke wa maji hewani huyameza. Hapa Mtito Andei usingeyapata. Lazima upande juu, pakavu. Ndiyo maana picha za kwanza za vumbi la Vega katika mawimbi hayo zilitoka mlima Mauna Kea, Hawaii, mwaka 1998, kwa darubini ya James Clerk Maxwell iliyo zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari.

Kusema kweli, vumbi lenyewe halidumu. Mwanga wa nyota huondoa chembe zake polepole. Likiwa bado lipo, basi kuna mawe na barafu vinavyogongana na kulitengeneza upya, masalia ya kazi ya kuumba sayari.

Mchungaji wa huku anaijua hoja hiyo. Akiona vumbi likipanda nyuma ya kichaka, hasemi ni vumbi tu. Anajua kuna kitu kinatembea.