Wanja wa Manga: Jina Moja, Unga wa Namna Tatu

Neno wanja lajulikana pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Ni unga mweusi wa kutia machoni na kuchorea nyusi. Wanawake huutumia kwa urembo, na akina mama wengi huwapaka watoto wachanga ili kuwakinga na kijicho. Ule usifiwao zaidi huitwa wanja wa manga. Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa pande za Omani. Lakini jina hili laonyesha njia ya biashara, si asili ya kitu. Pilipili manga nayo yaitwa hivyo, ingawa asili yake ni Bara Hindi. Basi, jina halituambii unga huu umefanywa kwa kitu gani.

Wafasiri wamezoea kuuita antimoni, na mazoea hayo yana mzizi wa kale. Waebrania waliuita unga wa macho puk, neno lililomo katika jina la binti wa Ayubu, Keren-hapuki. Wayunani walisema stimmi, Waarabu ithmid, na Warumi stibium. Na Biblia ya Kilatini yatumia neno hilo la Kirumi penye habari za Yezebeli (2 Wafalme 9:30). Baadaye wataalamu walilifanya stibium kuwa jina la madini ya antimoni, na hata leo alama yake ni Sb. Kwa hiyo wasomaji wengi walidhani kwamba wanja wote wa kale ulikuwa antimoni.

Lakini makaburi ya Misri yashuhudia vingine. Hapo kwanza Wamisri walipenda unga wa kijani wa malakiti, ambalo ni jiwe la shaba. Kisha unga mweusi ukashika mahali pake. Mwaka 1999 Philippe Walter na wenzake walitangaza matokeo ya kuchunguza unga uliosalia katika vyombo vya Misri vilivyowekwa katika jumba la Louvre, Paris. Walikuta galena, yaani jiwe jeusi la risasi, pamoja na chumvi nyeupe za risasi, na baadhi ya hizo zilikuwa zimetengenezwa kwa ufundi wa watu.

Jiwe la antimoni na galena hufanana: yote mawili yana rangi ya kijivu cheusi, humetameta, na ndani yake mna salfa. Yakiwa mazima hutambulika, maana la antimoni huwa kama sindano, na galena huvunjika vipande vya mraba kama dado. Tena galena ni zito zaidi, kwa kuwa sehemu 86 katika kila 100 za uzito wake ni risasi. Yakisha kusagwa, jicho haliwezi kuyapambanua. Unga wa tatu ni masizi ya mafuta yaliyochomwa. Huu ni kaboni, mwepesi sana, nao pia huitwa wanja.

Tofauti hii si ya maneno tu. Mtoto hujipangusa macho, kisha hutia vidole kinywani. Na risasi iingiapo mwilini hudhuru ubongo wake unaokua. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hapana kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Kwa hiyo mwalimu aulizwapo habari za wanja, asianze kwa kuikemea desturi, bali aulize kwanza: ni unga upi? Na ule usiojulikana umefanywa kwa nini, usiguse jicho la mtoto.