Mzigo wa Frasila Mbili: Tarehe ya Maumivu Sugu Milimani Uluguru

Mtu azipandaye njia za Mgeta, huku Uluguru, siku ya soko la Nyandira hukutana na wanawake waliofuatana kama siafu, matenga ya kabichi, njegere na viazi yakiwa vichwani mwao, na akitazama kwa makini ataona kwamba chini ya kila tenga iko ngata, yaani kitambaa au majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa mviringo, na chini ya ngata iko shingo isiyogeuka kushoto wala kulia mpaka safari iishe. Shingo hiyo, na uti wa mgongo ulio chini yake, na magoti yanayozuia mwili usiporomoke katika mteremko, ndivyo vitu ambavyo waandishi wa tarehe ya milima hii hawakuvitaja, ilhali wameandika sana habari za vita, reli na kahawa.

Habari ya mizigo huku ni ya kale. Mji wa mtawala Kisabengo, hapo Morogoro, ambao bintiye Simbamwene aliurithi na msafiri Stanley akaupita mwaka 1871 na kustaajabia ngome yake, ulikuwa kituo katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, na mpagazi wa msafara alichukua frasila mbili hivi, kilo thelathini na zaidi, siku baada ya siku. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907 ilidhaniwa kuwa adha hiyo imekwisha, lakini reli haikupanda mlima. Na Agosti 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walipouingia mji na Wadachi, yaani Wajerumani, wakarudi nyuma kuizunguka milima kuelekea Kisaki, majeshi yote mawili yalitembea juu ya vichwa na mabega ya wapagazi ambao wengi wao hawakurudi makwao. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ni kumbukumbu yao. Hata katika miaka ya hamsini, serikali ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko mikali, hasira iliyolipuka Matombo mwaka 1955 ilikuwa na sababu nyingi za ardhi na siasa. Lakini mimi naamini kwamba ndani yake ilikuwamo pia sauti ya viuno vilivyochoka.

Sasa, mtu wa mlimani alipopatwa na maumivu yasiyopoa, hakuyabeba peke yake. Kwa kuwa Waluguru hufuata ukoo wa mama, mjomba ndiye aliyeitwa kwanza, naye akawaita wengine: bibi ajuaye mizizi, mtu wa kukanda na kuchua, fundi wa kuunga mifupa, na mwenye pembe ya kuumika, ile ambayo watu wa pwani huiita chuku. Walikaa pamoja na mgonjwa, wakamsikiliza, wakabishana mbele yake, na kabla ya kuondoka waliulizana nani atamlimia shamba. Sisemi haya kwa kuyapamba mambo ya kale. Chale zilizochanjwa kwa wembe mchafu ziliwadhuru wengi, na ramli aghalabu iliishia kumtaja jirani kuwa mchawi, na nyumba mbili zikaharibika pasipo mgongo kupona. Lakini lile la kukaa pamoja lilikuwa jambo la hekima, na ndilo lililopotea.

Lilipotea kwa sababu zahanati ilikuja na utaratibu mwingine: foleni, dirisha, mtu mmoja na mgonjwa mmoja, dakika chache, na vidonge katika karatasi. Wala si haki kuwalaumu waliouweka utaratibu huo, madhali walikuwa wachache mno mbele ya malaria, ndui na vifo vya uzazi. Katika mkoa huu huu wa Morogoro, huko Ifakara penye hospitali ya Mtakatifu Francis, Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara mwaka 1957, na mwaka 1961 kikafunguliwa chuo cha kuwafunza wasaidizi wa tiba wa vijijini, ambao walisambaa nchini na kuokoa roho nyingi. Walifundishwa kwamba maumivu ni alama ya maradhi, na maradhi yakiondoka alama nayo huondoka. Hapakuwa na somo juu ya maumivu yanayobaki baada ya sababu yake kuondoka, au ambayo sababu yake ni maisha yenyewe.

Ulimwenguni somo hilo lilikuwa changa bado. John Bonica, tabibu wa Marekani aliyewahudumia askari majeruhi katika vita vya pili vya dunia, aliona kwamba hakuna elimu ya mtu mmoja inayotosha, akawa akiwaita wenzake wa fani mbalimbali kando ya kitanda kimoja, na mwaka 1953 akatoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Na Cicely Saunders wa London, kabla ya kuanzisha nyumba ya St Christopher's mwaka 1967, alikuwa kwanza muuguzi, kisha mtumishi wa ustawi wa jamii, kisha daktari. Kwa hiyo alipofundisha kwamba maumivu ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja, alikuwa akisema aliyoyashuhudia akiwa katika kila kimoja cha viti hivyo.

Kwetu Afrika Mashariki elimu hiyo iliingia kwa mlango wa saratani. Daktari Anne Merriman alianza kazi Uganda mwaka 1993 kwa mofini ya kunywa, unga uliopimwa na kuyeyushwa katika maji, ukatiwa rangi kuonyesha nguvu yake, ukamiminwa katika chupa za kawaida. Na mwaka 2004 sheria ya huko ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waiandike wenyewe, ruhusa ambayo kabla ya hapo hawakuwa nayo. Mwaka huo huo chama cha Afrika cha tiba ya namna hiyo ya kutuliza kiliasisiwa Arusha. Kiswahili kikaipa jina la tiba shufaa. Nami silioni jina zuri kuliko hilo, kwa maana shufaa ni kumwombea mtu mbele ya mkubwa, na ni nani aliye mkubwa wa kutisha kama maumivu? Ila mgongo wa mchukuzi si saratani, na mofini siyo dawa yake. Kilichofaa kuazimwa huko ni ule mkutano wa watu.

Mkutano huo ulipata namna nyepesi ya kufundishwa mwaka 2010, katika mafunzo ya siku moja yaliyozaliwa Papua New Guinea na kisha yakaja mpaka Afrika Mashariki, ambamo daktari, tabibu, muuguzi na wenzao huketi darasa moja na kujifunza kutambua maumivu, kuyapima na kuyatibu. Katika kuyapima, Kiswahili ni hazina: kichwa huwanga, tumbo hunyonga, jipu hupwita, kidonda huchonyota, kiuno hukaza, mguu huchoma kama moto kisha ukafa ganzi. Anayesema moto na ganzi huenda mshipa wake wa fahamu umeumia, na vidonge vya kawaida havitamfaa sana, bali amitriptilini kidogo ya usiku yaweza kumlaza. Anayesema hukaza ni wa mikono ya mtaalamu wa viungo. Muuguzi aliyezoea kuandika neno moja tu, anaumwa, amezitupa habari hizo zote.

Na darasa likiletewa kisa cha mwanamke wa Mgeta mwenye shingo iliyokaza miaka sita, tabibu atauliza habari za mkono kufa ganzi, mtaalamu wa viungo ataomba aonyeshwe jinsi anavyojitwisha, mfamasia atauliza vidonge alivyokwisha kunywa na kama tumbo linamchoma, na afisa wa ustawi wa jamii, ambaye aghalabu husubiri mpaka wengine wamalize, atauliza: akipumzika wiki nne, nani atalipeleka tenga Nyandira?